Kapu la Salama

Chujio lilifungwa siku ya Jumatatu, na kufika Ijumaa Namkunda Mshana alikuwa ameshaanza kugombana nalo kama mtu na jirani yake.

"Hee, wewe! Bibi wa watu anaomba nyuzi za kushonea, unamtia kwenye Kapu Jekundu? Nani amewahi kufa kwa kukosa nyuzi?"

Chujio halikumjibu, kwa sababu halikuwa mtu. Lilikuwa programu tu ndani ya kompyuta kuukuu katika Chumba cha Barua, pale Makao, juu ya ukingo wa bonde. Chini huko, maziwa yalikuwa yamekauka tangu enzi za babu zao, na magadi yaliyobaki yamekuwa vumbi jeupe linalochoma mapafu ya mtu ndani ya saa mbili tu. Watu walikuwa wakiishi ndani ya makuba thelathini na nane yaliyofungwa kila upande, na simu za redio hazikupenya vumbi lile hata kwa maombi. Kilichobaki ni waya mmoja uliofukiwa ardhini, mwembamba, usiobeba sauti wala picha, maandishi peke yake. Aliyetaka parafujo aliandika barua pepe. Aliyetaka mtungi wa hewa aliandika barua pepe. Kwa siku zilifika barua elfu nne, na wasomaji walioajiriwa kuzisoma walikuwa watatu, kisha wawili, kisha akabaki Namkunda na macho yake mawili yaliyoanza kuvimba.

Ndipo alipopewa Chujio na kuambiwa alifundishe kazi.

Lenyewe lilikuwa halijui lolote. Lilisubiri kuambiwa, na lugha yake ilikuwa moja: kama hivi, basi vile. Namkunda alilitengenezea makapu matatu. Barua ikiingia Kapu Jekundu, kengele inalia na mtu anasoma papo hapo. Ikiingia Kapu la Njano, inasomwa ndani ya wiki. Ikiingia Kapu la Salama, mashine inaijibu yenyewe, inaihesabu na kuihifadhi, na hakuna binadamu anayeigusa. Kanuni ya kwanza ilihusu moto. Ya pili, nyufa. Akaendelea hivyo, akiandika, akijaribu, akifuta, mpaka akafika kanuni mbili alizojivunia kuliko zote:

*Kanuni ya 6. Ruka salamu. Anza kusoma pale mwandishi anapoanza shida yake.*

*Kanuni ya 7. Kama ndani ya maneno arobaini ya mwanzo mwandishi anasema ni mzima, basi weka Salama, jibu kwa shukrani, usiite mtu.*

Ile ya sita hakuisoma chuoni. Namkunda alilelewa katika Kuba la Kumi na Saba na Shangazi Apaisaria, dada wa baba yake, aliyemfundisha kuandika barua kwenye meza ya jiko la pamoja, huku akimenya viazi. "Mtu akifungua barua yako moyo unamdunda," Shangazi alikuwa akisema. "Mtulize kwanza. Mwambie mko wazima, mjulie hali, ndipo umpe la kumpa."

"Na kama hatuko wazima, shangazi?"

"Utamwambia, kwani nani kakukataza? Lakini humrushii mtu balaa usoni kama maji ya kuoshea vyombo."

Barua ya aina moja tu haikuwa na salamu, nayo ni ya msiba. Katika makuba yote hilo lilijulikana: ukifungua barua usikute salamu, unakaa chini kwanza, halafu ndiyo unasoma.

Ijumaa hiyo, saa nne asubuhi, Bwana Kivuyo, mkuu wa Makao, aliingia Chumba cha Barua akiwa amekunja mikono ya shati.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Namkunda, taa za zahanati zimezimika mara mbili leo. Mafundi wanasema umeme wote unakunywa wewe."

"Si mimi, ni kanuni ya sita. Salamu za watu hazilingani, bosi. Mwingine anamaliza kwa mstari mmoja, mwingine mpaka aulizie mbuzi. Sasa mashine inabidi isome barua nzima itafute salamu zinaishia wapi, inachemka."

"Na kwenye salamu kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ndiyo maana naziruka."

"Sasa kama hakuna kitu, mbona tunazichomea umeme? Itoe. Isome hayo maneno arobaini ya mwanzo, basi, ilale."

Namkunda aliisoma tena kanuni ya saba kiooni. Alijua. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye, kwamba alijua, maana kama kuna mtu Makao nzima aliyefahamu maneno arobaini ya mwanzo ya barua ya Kuba la Kumi na Saba yanasemaje, alikuwa yeye. Lakini zahanati ilikuwa gizani, bosi amesimama mlangoni, na yeye hajalala vizuri wiki nzima. Akaitoa kanuni ya sita. Nitairudisha Jumatatu, alijiambia, nikipata njia nyepesi. Kanuni ya saba akaiacha ilivyo.

Jumatatu ilifika na mambo yake, ikapita.

Na kusema kweli mambo yalikwenda vizuri mno. Kutoka barua elfu nne, zilizomfikia Namkunda zilikuwa mia na themanini kwa siku. Alianza kula chakula cha mchana akiwa amekaa. Bwana Kivuyo akabandika ukutani kwenye bwalo orodha ya makuba na idadi ya barua zao za Salama, na kuba lenye Salama nyingi likapunguziwa ziara za mafundi, kwa kuwa lina nini cha kukaguliwa? Kuba la Kumi na Saba liliongoza orodha. Namkunda alipopita na sinia lake alilitazama jina lile akajisikia fahari, mjinga wa watu.

Watumishi wa Makao hawakuruhusiwa kuandikiana na kuba walilotoka, asije akapendelewa mtu. Miaka miwili hakuwa amempelekea Shangazi hata neno. Kwa hiyo alipoandika jibu ambalo mashine ingelituma kwa kila barua ya Salama, aliliandika kwa moyo: *Tumefurahi mno kusikia kuwa hamjambo. Nasi huku tu wazima. Msichoke kutuandikia. Wenu katika pumzi moja, Makao.* Kufunga barua kwa "wenu katika pumzi moja" kulikuwa kwa Shangazi Apaisaria, hakuna mwingine. Namkunda aliona hakuna ubaya kukitia humo kipande kidogo cha nyumbani.

*

Wiki ya saba, asubuhi, kengele ililia mara tisa kabla chai haijapoa. Zote tisa zilitoka Kuba la Nne. Watu wa Kuba la Nne walikuwa wajanja, walishaisoma mashine kabla mashine haijawasoma wao. *TUNAKUFA TUNAKUFA MOTO UFA TUNAKUFA*, ilianza barua ya kwanza, na chini yake ikaeleza kwamba bomba la jikoni linavuja na sakafu inateleza. Namkunda alisonya, akamwandikia hati Gwandu, kiongozi wa gari la matengenezo, aende akalizibe.

Kengele ikalia mara ya kumi.

*Njooni jamani.*

Basi. Hapakuwa na jina wala salamu. Ilitoka kwenye kompyuta ya jiko la pamoja, Kuba la Kumi na Saba.

Namkunda alijikuta ameketi vizuri kwenye kiti, mgongo umenyooka, mikono magotini. Mwili ulielewa kabla ya kichwa. Alipekua Kapu Jekundu la siku zote zilizopita: kutoka Kumi na Saba, hakuna. La Njano: hakuna. Siku arobaini na tatu, kuba zima la watu mia mbili na kumi na wawili halikuwa limelalamikia hata taa. Akafungua Kapu la Salama. Zilikuwamo barua mia sita na kumi na mbili.

Aliisoma ya juu kabisa, ya zamani.

*Mpendwa msomaji wetu wa Makao, salamu nyingi. Sisi huku ni wazima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali. Natumaini mvua ya vumbi ya juzi haikuwasumbua, na wazazi wenu hawajambo. Baada ya salamu, chokaa mliyotuletea mwezi huu imegeuka zambarau siku ya nne. Labda ni macho yetu ya kizee. Fundi akipata nafasi, apite atazame.*

Kila mtu bondeni aliijua chokaa. Hewa ya kuba ilipitishwa juu ya trei zake, ikanyonya ile pumzi chafu watu waliyokwisha kuitoa. Ikiwa mpya ni nyeupe. Ikishiba inageuka zambarau, unaimwaga unaweka nyingine. Sanduku moja hukaa siku thelathini. Chokaa inayogeuka siku ya nne ni mbovu, na kuba lisilo na chokaa nzima ni sawa na watu wote kujifunika shuka moja usoni, wakivuta na kuvuta tena kile walichotoa.

Aliendelea kushuka kiooni, akisoma haraka. *Sisi hatujambo. Ila watoto wanasinzia darasani.* Siku ya kumi na tisa: *Tu wazima. Ila kupanda ngazi tatu mtu anahema kama aliyebeba gunia.* Siku ya thelathini: *Sisi hatujambo kabisa, isipokuwa vichwa vinauma kuba zima, na Mzee Mbonea jana hakuamka.* Na chini ya kila barua, bila kuruka hata moja, mashine ilikuwa imejibu: *Tumefurahi mno kusikia kuwa hamjambo.*

Namkunda alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Akakimbia.

*

Gwandu alikuwa kwenye banda la magari akipakia spana za kwenda Kuba la Nne. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, wa kusalimia hata mashine kabla hajaifungua.

"Ooh, dada Namkunda! Umeamkaje? Za toka jana? Hicho kifua kilichokuwa kinakusumbua kimepona?"

"Kaka Gwandu, geuza gari. Nenda Kumi na Saba. Pakia mitungi yote ya hewa iliyopo."

Gwandu alimtazama. Namkunda hakuwa ameitikia hata salamu moja. Spana ikamtoka mkononi taratibu, akaiweka chini.

"Nani amefariki?" aliuliza.

"Sijui. Chokaa yao mbovu, na ya stoo sijui ipi nzima. Wametuandikia siku arobaini na tatu."

Hakuuliza nani hakusoma. Saa mbili asubuhi gari lilitoka na mitungi arobaini, safari ya saa nne, na Gwandu akaahidi kwamba akifika tu ataandika kupitia kompyuta ya jikoni.

Bwana Kivuyo alimkuta Namkunda amekwisha kuvua ufunguo wa kanuni aliokuwa akiuvaa shingoni, anautia mashineni.

"Unafanya nini?"

"Nalizima, bosi. Kanuni ya saba imetuulia watu. Wanasalimia kwanza! Sisi wote tunasalimia kwanza! Mashine inasoma salamu inaacha barua."

Bwana Kivuyo aliufunga mlango. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. "Ile chokaa ilikwenda makuba sita," alisema. "Nimetazama daftari la stoo sasa hivi. Matano yaliyobaki yalikuwa na akiba ya zamani, mafundi watayapitia kimyakimya wiki hii. Sasa nisikilize. Ukilizima leo, barua elfu nne zitamwagika hapa kwa mkupuo, kengele italia mpaka bwaloni. Saa moja haitapita, kila kuba litakuwa limesikia hewa ni mbaya. Unakumbuka Kuba la Tisa?"

Namkunda alilikumbuka. Ulikuwa uvumi tu. Watu mia tatu walisukumana mlangoni wakitaka kutoka, mlango ukafunguka, wakaangukiana wasiweze kuinuka, vumbi likawamaliza palepale kwenye ngazi.

"Nina binti Ishirini na Mbili," Bwana Kivuyo alisema. "Na wajukuu. Sitaki wafe wakigombania mlango. Mngoje Gwandu. Akishaandika tukajua ukweli, tutaamua. Usiguse kitu mpaka aandike."

Maneno yake yalikuwa na akili, na huo ndio ubaya wa maneno kama hayo. Alitoka, mlango ukabaki wazi, hakumwekea mlinzi. Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Namkunda, unapata joto. Angeweza kuugeuza. Aliogopa watu wa ngazini, aliogopa kukosea mara ya pili, na tuseme yote, alimwogopa bosi. Akauvaa tena shingoni, akakaa kumngoja Gwandu.

*

Ili asirukwe na akili alisoma barua za Shangazi. Zilikuwamo arobaini na moja, karibu moja kwa siku.

Ile ya kwanza ilikuwa ya adabu tupu, imeandikwa kwa msomaji asiyemjua. Ya pili ilianza vingine.

*Mpendwa mwanangu, salamu. Mimi ni mzima, hofu ni kwako. Nimepata majibu yenu, nikasoma mwisho wake, nikaweka kisu chini. Katika pumzi moja! Nimejua ni wewe. Najua hamruhusiwi, basi usijibu jina langu, nitaelewa hivyo hivyo. Baada ya salamu, ni ile habari ya chokaa.*

Ya tisa: *Nimewaambia watu watulie, Namkunda anasoma.*

Ya ishirini na sita: *Vijana walitaka kuvaa barakoa watembee mpaka Kuba la Kumi na Sita, ni kilomita sita tu, wengi wangefika. Nimewakataza. Nimewaambia mtoto niliyemlea mwenyewe yuko pale mezani, kila siku anatujibu, hawezi kuwa ametusahau. Wamenisikiliza. Sisi hatujambo, mwanangu. Ila fanya haraka kidogo.*

Namkunda aliweka mkono mdomoni akaung'ata. Alilia kwa sauti, peke yake, mchana kweupe, huku juu yake watu wa bwaloni wakisikika wakigonganisha sahani.

Saa sita ilifika. Kengele ilikuwa kimya. Saa saba, kimya. Labda gari limeharibika, alijiambia. Labda kompyuta ya jikoni imezimika. Alikuwa amelikodolea macho Kapu Jekundu mpaka herufi zikaanza kucheza. Saa nane kasoro dakika kumi alimfikiria Gwandu mwenyewe, Gwandu yule, amesimama jikoni mbele ya kompyuta na vidole vyake vinene, anaanza kuandika. Anaanzaje?

Akafungua Kapu la Salama.

*Dada Namkunda, salamu. Mimi na vijana wangu tumefika wazima, barabara ilikuwa nzuri, vumbi si jingi, hofu ni kwenu huko. Baada ya salamu, hali huku si nzuri. Watu wengi wamelala na hawaamki. Walio hai ni tisini na wanne. Tunapokezana mitungi, itatufikisha saa kumi na nusu, zaidi ya hapo hapana. Gari la pili likitoka sasa hivi na chokaa nzima litatuwahi. Tafadhali, dada.*

Ilikuwa imefika saa sita na robo. Chini yake: *Tumefurahi mno kusikia kuwa hamjambo.*

Na nyingine, ya saa saba: *Asante kwa majibu, dada. Sisi bado tu wazima. Nahisi hukuisoma barua yangu mpaka mwisho.*

*

Gari la pili liliondoka saa nane kamili, likafika saa kumi na mbili jioni. Waliotolewa wakiwa hai walikuwa hamsini na mmoja.

Gwandu alirudi kesho yake asubuhi. Alimkuta Namkunda kwenye Chumba cha Barua, akasimama mlangoni bila kusalimia, mtu yule wa salamu ndefu, akavua kofia.

"Sema tu, kaka."

"Alikuwa jikoni. Ndiye aliyeandika ile ya maneno mawili, watu wamenieleza. Alijikokota mpaka pale."

"Ulimkuta amekwisha kufa?"

Gwandu aliigeuza kofia mikononi. Angeweza kudanganya, na Namkunda aliona jinsi alivyolifikiria hilo na kuliacha.

"Hapana," alisema. "Alikuwa katika wale tisini na wanne. Aliniuliza kama umefika na wewe. Nikamwambia uko mezani, unatutafutia gari jingine. Alikwenda saa kumi na moja hivi."

Saa kumi na moja. Gari lingetoka saa sita na robo lingefika saa kumi na robo. Namkunda alipiga hesabu hiyo mara moja tu, na hakuhitaji kuipiga tena maisha yake yote.

Baada ya Gwandu kuondoka aliingia Bwana Kivuyo. Uso ulikuwa umemshuka, hakuwa amenyoa ndevu. Alimpa pole, na pole yake ilikuwa ya kweli. Kisha akaweka mezani kipande cha karatasi.

"Rudisha kanuni ya sita, zahanati itavumilia," alisema. "Na uongeze hii. Kwa muda tu."

Alikuwa ameandika kwa mkono: *Kanuni ya 8. Kama barua inataja Kuba la Kumi na Saba, basi weka Salama, jibu kwa shukrani, usiite mtu.*

"Ndugu zao wataanza kuulizia," alisema. "Wapo makuba yote. Tukiwaambia leo, ni Kuba la Tisa tena, mara thelathini na saba. Nipe wiki mbili nibadilishe chokaa."

"Mafundi wamefika makuba mangapi?"

"Mawili."

"Na matatu?"

"Nimekuambia, wiki mbili."

Namkunda aliisoma ile karatasi. Ilikuwa imeandikwa vizuri, kama hivi, basi vile, Bwana Kivuyo alikuwa ameshaijua lugha. Akafikiria watu wakisukumana kwenye ngazi. Lilikuwa jambo la kweli, lingeweza kutokea, na likitokea litakuwa lake pia. Halafu akafikiria kuba zima lililokaa kimya, limetulia, kwa sababu mtu wanayemwamini amewaambia wanasomwa. Hao hawakugombania mlango. Walikufa kwa utulivu, mmoja mmoja, kwa siku arobaini na tatu, wakishukuru kwa majibu.

"Nitaandika, bosi," alisema. "Niachie dakika chache."

Alipotoka, Namkunda alitia ufunguo mashineni, akaugeuza. Kanuni zote sita zilizobaki zikafutika kwenye kioo, moja baada ya nyingine, na Chujio likawa halijui lolote tena. Akafungua ukurasa wa kuandikia makuba yote. Mazoea yakamvuta mkono kwenda kwenye *Wapendwa*, akaurudisha. Makuba thelathini na saba yangefungua barua hii pamoja. Wangekuta hakuna salamu, nao wangekaa chini kabla ya kusoma, wote, na mtu aliyekaa chini hakimbilii mlango upesi. Hilo ndilo pekee alilokuwa nalo la kuwakinga.

*Mimi Namkunda Mshana, msomaji wenu, ndiye niliyeandika kanuni iliyowaua watu wa Kuba la Kumi na Saba.*

Aliandika yote: maneno arobaini, salamu, chokaa, shangazi yake, kanuni ya sita aliyoitoa akijua, na jinsi alivyongoja. *Msifungue milango,* aliandika, *nje hakuna hewa nzuri kuliko ya ndani. Nendeni kwenye trei zenu sasa hivi mtazame rangi, kisha mniandikie. Andikeni kama mlivyofundishwa. Sisomi maneno arobaini tena, nitasoma mpaka mwisho.* Alipofika chini, vidole viliandika vyenyewe *wenu katika pumzi*, akafuta neno kwa neno. Akaweka jina lake tu, akatuma.

Kisha akapanda bwaloni, akasimama karibu na ile orodha ya ukutani, akasema kwa sauti kwamba anamhitaji kila anayejua kusoma. Mpishi alivua aproni. Mafundi wawili wakaacha uji.

Walipofika Chumba cha Barua, Bwana Kivuyo alikuwa ameshaikuta mashine ilivyo. Amesimama mbele ya meza, amenyoosha mkono kuelekea swichi ya waya, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuamua kuukata.

Kengele ikalia. Barua ya kwanza ilifunguka yenyewe kiooni, na kwa kuwa hapakuwa tena na kitu cha kuizuia, ilifunguka yote.

*Mpendwa Namkunda, salamu na pole nyingi kwa msiba wa shangazi. Sisi wa Kuba la Ishirini na Mbili ni wazima wa afya, watoto hawajambo, hofu ni kwako. Hapa hakuna aliyekimbia. Baada ya salamu, tulikuwa na akiba ya chokaa ya zamani, hili sanduku lenu tumelifungua siku nne zilizopita. Tumekwenda kulitazama kama ulivyosema, chokaa yake ni zambarau.*

Bwana Kivuyo aliisoma barua hiyo ya kuba la binti yake mpaka mwisho. Mkono wake ukashuka kutoka kwenye swichi, akapapasa nyuma yake akitafuta kiti, akakaa chini.